Cinder juu ya NFS: nodi mbili zinakubali volyumu, ya tatu inagoma. Faili ni ya nani?

#1 Kipanga
Wakuu, habari. Nina OpenStack ndogo (programu ya kuendesha wingu la mashine pepe): nodi moja ya udhibiti, nodi tatu za kuendesha mashine pepe, na seva ya NFS (folda inayoshirikiwa kupitia mtandao) yenye diski nyingi zilizokuwa zimekaa bure. Nikaamua Cinder, sehemu ya OpenStack inayotoa diski (volyumu), ichukue folda ya seva hiyo iigawe kama diski. Kwenye cinder.conf nimeweka `enabled_backends = nfs1`, kisha chini:

`[nfs1]`
`volume_driver = cinder.volume.drivers.nfs.NfsDriver`
`nfs_shares_config = /etc/cinder/nfs_shares`
`volume_backend_name = nfs1`

Faili ya nfs_shares ina mstari mmoja tu: anwani ya seva, nukta mbili, njia ya folda. Ni mali ya root, kundi cinder, ruhusa 0640. Aina ya volyumu nimeiunda na kuifunga kwenye volume_backend_name.

Volyumu inaundwa na inasoma `available`. Nikiiunganisha na mashine pepe iliyo nodi ya kwanza au ya pili, inakubali. Nodi ya tatu, ambayo niliiongeza miezi kadhaa baadaye, inakataa: `Permission denied` kwenye faili ya volyumu chini ya /var/lib/nova/mnt. Folda yenyewe inapachikwa vizuri na orodha ya faili naiona. Nimekaa nayo siku ya tatu sasa. Nini hiki?

#2 MzeeWaKebo
root_squash. Usitafute mbali. Seva ya NFS ikipokea ombi kutoka kwa root wa nodi yako inamgeuza kuwa nobody, mtumiaji asiye na mamlaka. Weka `no_root_squash`, halafu kwenye nfs1 ongeza `nas_secure_file_operations = false` na `nas_secure_file_permissions = false`. Utalala usingizi.

#3 Tarishi
#2, mkuu, kwa heshima: ingekuwa hivyo nodi zote tatu zingegoma. Folda ni moja na seva ni moja. Kipanga, leta `ls -ln` ya folda ya volyumu, ukitumia n ili tuone namba na si majina. Majina kwenye NFS yanadanganya. Na ulete `getenforce` ya kila nodi, tuone kama SELinux, mlinzi wa ziada wa mfumo, imewashwa. Mficha uchi hazai.

#4 Chipukizi
Samahani kuingilia, mimi bado najifunza. Kama ni folda ya mtandao, si ndiyo kazi ya Manila? Kwa nini tunapitia Cinder?

#5 Bi_Mtandao
Swali zuri, mdogo wangu. Manila inampa mtumiaji folda: mashine pepe nyingi zinaipachika kwa pamoja, zinaona faili zilezile. Cinder inampa diski: vipande vyenye namba, bloku, ambavyo mashine yenyewe inavipangia mfumo wake wa faili. Drayva ya NFS iko katikati. Inachukua folda, ndani yake inaunda faili moja kubwa iitwayo volume- ikifuatiwa na kitambulisho, na QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, inaionyesha mashine pepe faili hiyo kama diski kamili. Mashine haijui kama kuna NFS. Haina hata haja ya kuufikia mtandao wa seva hiyo.

Kwa hiyo hapa hakuna iSCSI wala LVM, njia nyingine za kutoa diski. "Diski" ni faili, na faili ina mwenyewe. Tatizo la Kipanga limekaa hapo, haidhuru jina tutakalolipa.

#6 MzeeWaKebo
Bi Mtandao umeeleza vizuri. Ila Cinder ilikuwepo tangu OpenStack ianze 2010, na drayva hii ni ya zamani vilevile, kwa hiyo haya mambo yalipaswa kuwa yamekwisha.

#7 Mjukuu_wa_Kerneli
Marekebisho kidogo, mzee wangu. 2010 Cinder haikuwepo. Volyumu zilikuwa ndani ya Nova, sehemu ya OpenStack inayosimamia mashine pepe, kwa jina la nova-volume. Cinder ilijitenga kwenye toleo la Folsom, 2012. Mwenye ukongwe wa kweli hapa ni NFS, iliyotoka Sun mwaka 1984, miaka mingi kabla ya mtu kufikiria kuitumia kubebea diski za mashine pepe.

#8 Kipanga
Nashukuru wote. Tarishi, haya hapa. Volyumu ya kwanza, niliyowahi kuiunganisha nodi ya kwanza kisha nikaitoa:

`-rw-rw---- 1 0 0`

Volyumu ya pili, haijawahi kuunganishwa popote:

`-rw-rw---- 1 165 165`

getenforce: nodi zote tatu `Enforcing`. Nodi ya tatu ni familia ileile ya mfumo, ila toleo jipya zaidi.

#9 Tarishi
Hapo sasa. Tusome pamoja.

165 ni cinder kwenye mifumo ya familia ya Red Hat. QEMU yenyewe huendeshwa na mtumiaji 107. Ruhusa ni 660, maana yake mwenye faili na kundi lake tu. 107 si 165, na hayumo kundini. Kwa hiyo QEMU peke yake haiwezi kuifungua faili hiyo, kwenye nodi yoyote ile.

Sasa kwa nini nodi ya kwanza inaweza? Kwa sababu libvirt, programu inayoisimamia QEMU na inayoendeshwa kama root, inaibadilisha faili umiliki iwe ya 107 kabla ya kuwasha au kuunganisha. Kazi ikiisha inairudisha, na isipojua mwenyewe wa awali ni nani inairudisha kwa root. Ndiyo maana volyumu yako ya kwanza ni 0:0. Ile ni alama ya vidole vya libvirt.

Na kama libvirt ya nodi ya kwanza iliweza kubadilisha umiliki juu ya NFS, basi kwa nodi hiyo root_squash haipo. Tafadhali leta /etc/exports ya seva, faili inayosema nani anaruhusiwa kupachika folda na kwa masharti gani.

#10 Bi_Mtandao
Kabla ya exports, mimi nashika SELinux. Nodi mpya, toleo jipya, Enforcing: `getsebool virt_use_nfs`. Ikiwa off, QEMU haigusi faili ya NFS hata ukiipa 777, na ujumbe unaoupata ni huohuo wa ruhusa. Nodi za zamani pengine mtu aliiwasha siku ya kwanza akasahau kuandika. Nimewahi kuhangaika na ruhusa za faili wiki nzima kumbe ni swichi hii moja. Inawashwa kwa `setsebool -P virt_use_nfs on`. Usisahau -P, la sivyo nodi ikiwashwa upya mpangilio huo unapotea.

#11 Mjukuu_wa_Kerneli
Kuna la tatu ambalo hamjaligusa: toleo la NFS. Nodi ya tatu ni mpya, huenda imekubaliana na seva toleo la 4.2 wakati zile mbili ziko 4.1 au hata 3. Toleo la 4 lina habari ya kutafsiri majina: seva na mteja wakitofautiana kikoa kwenye idmapd.conf, mwenye faili anaonekana nobody. Na 4.2 ndiyo iliyoleta lebo za usalama kuvuka mtandao, jambo ambalo SELinux inalijali. Endesha `nfsstat -m` kila nodi.

#12 Tarishi
#11, idmap ingeonekana kwenye ls. Yeye anaona 165, si 65534. Na kwa ruhusa za kawaida, ombi hubeba namba za mtumiaji na makundi yake, si majina. Hizo ndizo seva inazihukumu.

#13 Mjukuu_wa_Kerneli
Anaona 165 kutoka nodi ipi? Hajasema.

#14 Tarishi
Kweli, hajasema. Nimekubali.

#15 Ghala_la_Data
Nimepita na nimeukuta uzi mtamu. Sina jibu la Kipanga ila nina onyo kwa wanaotaka kuiga, kwa sababu lilinipata.

Drayva hii kwa kawaida inaunda faili zenye matundu, yaani `nfs_sparsed_volumes = True`. Volyumu ya GB 100 mwanzoni haili karibu chochote kwenye seva. Na `max_over_subscription_ratio` chaguo-msingi yake ni 20. Soma tena: ishirini. Kwa bekendi inayotoa nafasi kidogokidogo, Cinder inaweza kuahidi hadi mara ishirini ya ilicho nacho.

Sisi tuliahidi. Watumiaji wakajaza. Siku seva ilipofika mwisho, mashine pepe hazikuanguka, ziligandishwa. QEMU ikiambiwa nafasi imekwisha wakati wa kuandika, inaisimamisha mashine ili data isiharibike. Nova ilionyesha kila kitu kizuri kwa muda, watu wanapiga simu, mimi natafuta kosa kwenye mtandao. Kilichonitoa gizani ni `virsh domstate --reason`: paused, I/O error. Tukaongeza nafasi, `virsh resume` moja baada ya nyingine, zikaendelea pale zilipoishia. Tangu siku hiyo uwiano wangu ni 1.5 na nimeweka `reserved_percentage`. Pimeni kwa `du`, msipime kwa `ls -l`, kwa sababu ls inaonyesha ahadi.

#16 Chipukizi
Ghala, hii ya kugandishwa nimeiandika ukutani. Swali: mashine ikigandishwa, mtumiaji aliye ndani anaona nini?

#17 Ghala_la_Data
Haoni chochote. Kwake muda umesimama. Akirudishwa, saa yake iko nyuma na miunganisho yake ya mtandao imekatika.

#18 Kipanga
Nimerudi, poleni kwa kuchelewa. Nimefanya yafuatayo jana usiku, wakati hakuna watumiaji:

Nodi ya tatu virt_use_nfs ilikuwa off. Nodi nyingine mbili on. Nimeiwasha kwa -P.

nfsstat: nodi ya kwanza na ya pili vers=4.1, ya tatu vers=4.2.

Na kwa ushauri wa #2 nimeweka zile nas_secure mbili kuwa false, nikawasha upya cinder-volume.

Matokeo: volyumu MPYA inakubali nodi ya tatu. Zile mbili za zamani bado zinagoma. Ile `ls -ln` niliifanya nodi ya kwanza, Mjukuu ulikuwa na haki ya kuuliza. Nodi ya tatu inaonyesha namba zilezile.

#19 Bi_Mtandao
Alhamdulillahi. SELinux.

#20 MzeeWaKebo
Si SELinux, ni nas_secure. Nilisema tangu #2! Ukiiweka false, Cinder inaunda volyumu kwa ruhusa 666, yeyote anafungua. Ukiiacha, ni 660.

#21 Tarishi
Kipanga ndugu yangu, umebadilisha vitu viwili usiku mmoja. Sasa kila mtu humu ana ushahidi.

Mzee yuko sahihi kuhusu 666, na hiyo inaeleza kwa nini za zamani bado zinagoma: ruhusa hupangwa faili inapoundwa. Kubadili cinder.conf hakurudi nyuma kurekebisha zilizopo. Lakini haielezi kama SELinux nayo ilikuwa inazuia. Inawezekana vizuizi vilikuwa viwili, na kuondoa kimoja kusingetosha.

#22 Bi_Mtandao
Tarishi, hiyo naikubali nusu. Angalia `ausearch -m avc` ya nodi ya tatu kwa siku zile za mwanzo. Kama SELinux ilizuia, imeandika.

#23 Kipanga
Logi za ukaguzi za siku hizo zimeshazungushwa na kufutwa. Zimebaki za jana tu.

#24 Mlinzi_wa_Lango
Nina neno zito. Kuweka 666 si suluhisho la kusherehekea. Mchakato wowote kwenye mashine yoyote iliyopachika folda hiyo unasoma diski za wateja wote. Kwenye maabara sawa. Kwa wateja wanaolipa, hapana. Cinder yenyewe inaandika onyo kwenye logi ikiwa katika hali hiyo, na onyo hilo liliwekwa kwa sababu.

Chaguo-msingi ni `auto`. Cinder ikianza na hifadhidata yake haina volyumu hata moja, inaacha faili ya alama iitwayo .cinderSecureEnvIndicator ndani ya folda na kuanzia hapo inafanya kazi kama mtumiaji cinder, si root. Ikikuta tayari kuna volyumu na alama haipo, inabaki katika hali ya zamani isiyo na ulinzi. Kipanga wewe ulianza upya, ndiyo maana ulipata 165 na 660. Mfumo ulikulinda, wewe ukauvua silaha.

Njia ninayoitumia: namba za watumiaji zifanane nodi zote, na mtumiaji wa QEMU aingizwe kundi la cinder, lenye gid (namba ya kundi) ileile kila mahali. Hapo 660 inatosha bila libvirt kuhamisha umiliki. Angalizo moja: uthibitisho wa kawaida wa NFS hubeba makundi 16 tu kwa ombi, kwa hiyo mtumiaji aliye kwenye makundi mengi anaweza kukataliwa bila sababu inayoonekana.

#25 MzeeWaKebo
Mlinzi, nimekusikia. Mimi nyumba yangu ni ya wenyewe kwa wenyewe, hakuna mgeni, ndiyo maana natumia 666. Lakini kwa wateja sitabisha.

#26 Nodi_Pweke
Mimi natumia mfumo wa familia ya Debian. Huko QEMU ni 64055 na si 107, na mlinzi ni AppArmor. Kwa mtu mwenye mchanganyiko wa familia mbili, njia ya Mlinzi inahitaji kazi ya kupanga namba kwanza. Na samahani kwa kutoka nje ya mada, kuna mtu amefanikiwa na snapshoti (nakala ya hali ya diski kwa wakati fulani)? Nilisoma kwamba drayva ya NFS haina kabisa.

#27 Ghala_la_Data
Inazo, ila zimezimwa. `nfs_snapshot_support = True`. Snapshoti inakuwa faili mpya ya qcow2 (muundo wa faili za diski wa QEMU) inayokaa juu ya ile ya zamani. Ya zamani haiguswi tena, maandishi mapya yanaingia ya juu. Ukichukua snapshoti kumi una mnyororo wa faili kumi na moja, ukihesabu ya mwanzo. Mashine ikiwa inawaka, kazi ya kuunganisha mnyororo inafanywa na Nova kupitia libvirt. Na hapo kila faili ya mnyororo inahitaji ruhusa. Yaani shida ya Kipanga mara kumi.

#28 Mlinzi_wa_Lango
Ongeza hapo: qcow2 na faili ghafi havitakiwi kuchanganywa kwa kubahatisha. Mteja mwenye diski ghafi anaweza kuandika mwanzoni mwake kichwa cha qcow2 kinachoelekeza faili nyingine ya seva. Mfumo ukikisia aina kwa kusoma kichwa, umempa faili isiyo yake. Udhaifu wa CVE-2024-32498 ulikuwa wa ukoo huu, uligusa Cinder, Glance (inayotunza picha za mifumo) na Nova kwa pamoja. Walio na matoleo ya kabla ya marekebisho hayo wasasishe leo.

#29 Chipukizi
Mimi nina swali dogo. Kwenye /var/lib/cinder/mnt naona folda yenye jina la herufi na namba ndefu. Ni kitambulisho cha nini?

#30 Mjukuu_wa_Kerneli
Ni md5 (alama inayokokotolewa kutoka kwa maandishi) ya mstari wako wa nfs_shares, yaani seva na njia kama ulivyoandika. Ukibadili anwani ya namba kuwa jina, au ukiongeza mkwaju mwishoni, unapata folda nyingine kwa seva ileile.

#31 Ghala_la_Data
Na usibadili kabisa ukiwa na volyumu hai. Kila volyumu imeandikiwa seva yake kwenye hifadhidata ya Cinder, safu ya provider_location, na Nova inatunza nakala yake kwa kila muunganisho. Mtu niliyefanya naye kazi alibadili anwani ya seva kwenye faili akidhani yatafuata. Hayakufuata. Volyumu zilizounganishwa ziliendelea hadi mashine ilipozimwa, kisha hazikuwaka. Tuliandika jina la DNS tangu hapo, na jina hilo halibadiliki.

#32 Nodi_Pweke
Na chaguo za kupachika? Mimi nimeweka `soft` ili nodi isigande seva ikipotea.

#33 Tarishi
Ondoa hiyo leo hii, nakuomba. `soft` ikichoka kusubiri inarudisha kosa kwa QEMU, na mashine pepe inaona diski imeharibika. Mfumo wa faili wa ndani unajigeuza wa kusoma tu, au mbaya zaidi programu inadhani imeandika kumbe haikuandika. `hard` inasubiri. Seva ikirudi, kazi inaendelea. Kwa diski, kusubiri ni bora kuliko kudanganya. Na upande wa seva, `sync`, usimsikilize anayekuambia `async` inaongeza kasi. Inaongeza, mpaka umeme ukatike.

#34 MzeeWaKebo
Kasi itafutwe kwa nconnect. Kerneli 5.3 na kuendelea, miunganisho hadi 16 kwa seva moja.

#35 Kipanga
Wakuu, habari mpya na si nzuri. Leo asubuhi nodi ya PILI imekataa volyumu ya zamani. Ile iliyokuwa inakubali wiki nzima. Sikuigusa nodi hiyo.

#36 Tarishi
Nilikuomba /etc/exports tangu #9. Leta exports, na `exportfs -v`.

#37 Kipanga
Samahani, ilinipita. Sasa ina mstari mmoja: mtandao mzima, `rw,sync,root_squash`. Kabla ya jana kulikuwa na mistari miwili zaidi juu yake, ya anwani za nodi ya kwanza na ya pili, aliiandika aliyenitangulia. Ilikuwa na no_root_squash. Niliifuta jana nikisafisha, nikaona mstari wa mtandao unatosha.

#38 Tarishi
Basi nodi mbili zilikuwa na ruhusa ya pekee kwa anwani, na ya tatu ilipokuja ikaangukia mstari wa jumla. libvirt ya nodi ya tatu haikuweza kubadili umiliki tangu siku ya kwanza. Jana umezishusha nodi nyingine mbili zikawa kama hiyo ya tatu. Rudisha ile mistari miwili kwa sasa, fanya `exportfs -ra`, kisha upange njia ya Mlinzi kwa utulivu.

#39 MzeeWaKebo
root_squash. #2.

#40 Bi_Mtandao
Mzee, hongera kwa nusu. Swichi ya nodi ya tatu ilikuwa off, hilo halijafutika. Kipanga, ukipata dirisha la usiku, unda volyumu moja mpya ya majaribio, zima virt_use_nfs nodi ya tatu bila -P, ujaribu kuiunganisha. Ikigoma, tulikuwa na ugonjwa zaidi ya mmoja.

#41 Mjukuu_wa_Kerneli
Na ujaribu pia mara moja kwa `nfs_mount_options = vers=4.1`, ujue kama 4.2 ina mkono. Upande wa Nova nao una chaguo lake la jina hilohilo, sehemu ya libvirt. Mara hii kitu kimoja kwa usiku mmoja.

#42 Kipanga
Nimerudisha mistari miwili. Nodi ya pili imekubali papo hapo. Jaribio la Bi Mtandao nitalifanya Jumamosi usiku, nitaleta logi zote safari hii.